Mwaka Niliokatazwa Kubisha

Kijijini kwetu, juu kwenye miteremko ya Uluguru ambako mkulima wa kabichi akiteleza huokotwa kwenye shamba la jirani, nilijulikana kwa mambo mawili: kuchoka na kubisha. Nilikuwa na miaka tisa. Nikipanda kutoka mtoni na kibuyu kidogo cha maji nilipumzika mara nne, na katika vituo vyote vinne ungenikuta nikibishana na mtu. Pumzi za kupandia sikuwa nazo. Za kubishia sijui zilitoka wapi. Mama alisema pumzi zangu zina upendeleo.

Nilibishana na katekista kuhusu gharika ya Nuhu, kwa kuwa hakuniridhisha kwa nini samaki walisamehewa. Nilibishana na balozi wetu wa nyumba kumi kila siku ya shamba la ujamaa. Wenzangu walipalilia maharage. Mimi, kwa sababu ya kuchoka, niliwekwa kivulini kulinda chakula, na kutoka hapo kivulini niliwasahihisha mistari. Balozi akanyoosha mgongo, akafuta jasho, akasema, "Huyu akikua apelekwe bungeni, atuachie maharage yetu."

Kulikuwa na jambo la tatu, ila hilo lilijulikana na watoto tu. Kifuani kwangu, upande wa kushoto karibu na bega, kitu kilikuwa kinavuma. Ukiweka kiganja ulihisi mtetemo kama wa paka aliyeshiba. Ukitega sikio ulisikia mvumo usiokatika, unaopanda na kushuka. Kijiji kiliahidiwa mashine ya kusaga, na tangu kiahidiwe hatukuiona hata skrubu yake. Watoto wakasema yangu imetangulia. Walipanga mstari kuisikiliza, na kila msikilizaji alitoa pingili ya muwa. Biashara ile ilinipa meno mabovu na marafiki wengi.

Nilikuwa mwembamba sana. Mafua ya wenzangu yaliisha kwa wiki, yangu yaligeuka kichomi. Siku moja kichomi kilinifikisha zahanati ya misheni, na Sista aliyekuwa zamu akaweka kipimo chake masikioni, akaninyamazisha, akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu bila kutoa pingili hata moja. Kisha akamwita Mama pembeni na kumwambia nipelekwe mjini kwa daktari, na tusichelewe.

Sasa, kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba yupo, anapendwa, analima, anakula. Lakini likija jambo zito, mwenye neno ni mjomba. Kwa hiyo Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, alivaa koti lake la mvua ambalo hakulivua hata kiangazi, akatangulia mbele. Mama akafuata na tenga la figili na karoti kichwani. Mimi nilibebwa mgongoni na Baba, miaka tisa yangu yote, na kila tuliyekutana naye nilimweleza kwamba ninaweza kutembea ila nimekatazwa. Baba alihema na kutabasamu. Mjini Mama aliacha tenga kwa mama mmoja muuza mboga wa Mwembesongo, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, na Kiswahili cha mambo ya tumboni na kifuani alikuwa bado anakitafuta. Alinisikiliza mbele, akanisikiliza nyuma, akanishika vifundo vya mikono na miguu kama anayenisalimia kila kiungo. Kisha akasema, "Huyu ana mshipa."

Mjomba alishtuka. Kwetu mwanamume akisemwa ana mshipa, watu hushusha sauti na kutazama pembeni, maana ni ule uvimbe wa chini unaomfanya atembee ametanua miguu.

"Daktari," Mjomba akasema kwa heshima kubwa, "huyu ni mtoto wa kike."

Daktari akasema hilo ameliona. Akachukua kalamu, akachora moyo kwenye kiganja chake mwenyewe. Alieleza kwamba mtoto akiwa tumboni kuna mshipa mfupi unaounganisha njia mbili kubwa za damu, na akizaliwa mshipa ule hujifunga wenyewe. Wangu haukujifunga. Damu ambayo ilitakiwa kwenda mwilini inarudi mapafuni kwa nguvu, mchana na usiku, na ule mvumo ndio sauti yake. Daktari mpasuaji anaweza kuufunga kwa uzi, kama mtu afungavyo mdomo wa gunia. Lakini kuna jambo.

"Mishipa ya mapafu ikipigwa na damu hivyo miaka mingi, inakuwa migumu," alisema. "Ikishakuwa migumu hatuwezi tena kuufunga ule mwingine. Tukiufunga atakufa."

"Na tusipoufunga?" Mama aliuliza.

"Atakufa pia, ila polepole."

Alisema hivyo nikiwa nimeketi palepale, naning'iniza miguu. 

"Sasa hivi imekuwa migumu, au bado laini?" Mjomba akauliza. Mpaka leo naona hilo ndilo lililokuwa swali lenye akili kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

Daktari akasema hajui. Kwa vyombo vyake hapo hawezi kujua. Baada ya miezi mitatu daktari bingwa wa moyo atakuja katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam, akae wiki chache tu, na huyo ndiye atakayejua. Alituandikia barua, akatuonya tusichelewe, Mjomba akaitia ndani kabisa ya koti la mvua.

Nyumbani tulimkuta Bibi, mama yake Mama na Mjomba, anatusubiri na daftari. Bibi alikuwa mwanafunzi wa elimu ya watu wazima, tena kinara wa darasa, na tangu ajue kuandika hakukubali habari yoyote impite mdomoni tu. Aliandika kwa herufi kubwa, ulimi nje: MISHIPA MIGUMU. Akaitazama ile karatasi. Akanitazama mimi.

"Ya mapafu," Mama akamkumbusha.

"Mapafu umeyaona wewe?" Bibi akasema. "Mimi mishipa yake naiona hapa kila siku."

Akanigusa shingo. Na kweli, kwa ugonjwa ule mishipa ya shingo yangu ilidunda waziwazi. Mtu aliyeketi ng'ambo ya jiko aliiona ikiruka. Bibi akaunganisha mambo kama mtu aliyeokota ufunguo na kufuli siku moja. Watu wakibishana si hutokwa na mishipa ya shingo? Huyu si anabisha tangu ameota meno? Basi mishipa iliyotokeza nje miaka tisa, kwa kubisha asubuhi na jioni, itaachaje kukomaa?

Majirani walikuja kunipa pole na kila mmoja akatoa ushahidi. Balozi alikumbuka shingo yangu siku ya maharage. Katekista aliikumbuka siku ya samaki wa Nuhu; alisema alitaka hata kusimamisha somo kwa kuhofia itapasuka. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Walifurahi tu kuona kwamba ugonjwa wangu umepata sababu, na kwamba sababu yenyewe walikuwa wakiilalamikia siku zote.

Dawa ikapangwa, na Bibi akaiandika. Kwanza, mlenda mchana na jioni, maana kitu kinachoteleza hulainisha njia kinamopita. Pili, kupakwa mafuta ya nyonyo shingoni na kifuani kabla ya kulala. Tatu, na hii aliipigia mstari mara mbili: ASIBISHE.

Mlenda niliuweza. Mafuta ya nyonyo niliyazoea, ingawa mito ya nyumba nzima ilinuka mimi. Lakini la tatu! Msomaji ambaye hajazaliwa mbishi hawezi kujua. Mtu anasema jambo la uongo mbele yako, nawe una jibu, jibu limekaa tayari kwenye ncha ya ulimi, limevaa na viatu, na huruhusiwi kulitoa.

Watoto waligundua upesi. Binamu yangu, aliyekuwa akishindwa nami kila siku ya Mungu, alikuja asubuhi akaketi mbele yangu akasema saba mara nane ni hamsini na nne. Nikanyamaza. Akasema mwezi hushuka Bagamoyo kuoga. Nikanyamaza. Akasema yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Machozi yalinitoka. Katekista alimaliza gharika, akamaliza mnara wa Babeli, akavuka na wana wa Israeli bila hata kulowa, akasema hajawahi kufundisha vizuri hivyo.

Nilipata njia moja ya kulipiza. Bibi aliandika ASIBISHE, hakuandika asibishe nini. Kwa hiyo niliacha pia kubisha hodi. Niliingia nyumba za watu kama upepo. Nikamkuta balozi anaoga nyuma ya ua wa makuti, nikamkuta mke wa katekista amekalia sukari aliyosema dukani kwake imekwisha. Wakinikaripia nilijishika shingo na kusema kwa upole, "Nimekatazwa kubisha." Bibi aliongeza maneno mawili kwenye daftari: ISIPOKUWA HODI.

Kila jioni alinipima. Alibonyeza shingo yangu kwa dole gumba, akiwa ametazama juu, kama anayechagua parachichi la kula kesho. Siku hizi nasikia kuna mashine ya kupima ugumu wa mishipa ya watoto, inaangalia pigo la damu linasafiri kwa kasi gani kutoka shingoni hadi pajani. Mshipa mgumu hulipitisha haraka. Bibi alikuwa na dole gumba. Nacheka nikikumbuka, lakini wakati ule sikucheka. Niliamini. Niliamini kabisa kwamba jibu moja tu la ubishi, hata la haki, hata la saba mara nane, lingeugeuza mshipa mmoja wa ndani kuwa mti mkavu, na yule daktari bingwa angeuona, angenirudisha nyumbani nife polepole. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa chui.

Mwezi wa pili Bibi akatangaza kwamba shingo imelainika. Kijiji kilifurahi, naye akapita nyumba kwa nyumba kueleza kipimo cha mlenda. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana habari hizo zilimfikia Mjomba, na Mjomba hakuwa amelala vizuri tangu daktari achore moyo kwenye kiganja.

Aliitisha kikao cha ukoo nyumbani kwa Bibi, Jumapili baada ya misa. Baba aliketi karibu na mlango, akatazama vidole vya miguu yake, kama inavyompasa mume aliyekuja kuoa kwa watu. Mjomba akatoa ile barua kwenye koti, akaiweka mkekani, akasema haitakwenda popote.

"Mama yetu ameipima shingo jana, amesema imelainika," alisema. "Mtoto anapona. Kumpasua kifua mtoto anayepona, hiyo ni akili ya wapi? Mimi nitawaambia nini watu wa ukoo akifia huko?"

"Kaka, daktari alisema tusichelewe," Mama akasema.

"Daktari alisema pia hajui."

Mama akamtazama Bibi. Bibi akatazama daftari lake. Alikuwa amenaswa na dawa yake mwenyewe: akisema sijapona, mlenda umeshindwa, akisema nimepona, barua inalala kotini. Nami nilimjua Mjomba. Kimya kikishakaa kidogo angesimama na kuaga, na jambo lingekuwa limekwisha.

Naomba nieleweke vizuri nilivyokuwa nimebanwa. Nikinyamaza, siendi Dar. Nikibisha, mishipa inakuwa migumu, na kwenda Dar hakutasaidia. Nilihesabu hayo kwa akili ya miaka tisa, na moyo wangu ukavuma mpaka nikadhani watu wote wanausikia. Kisha nikashika shingo yangu kwa mikono miwili, nikaikandamiza mishipa isitoke, nikanong'ona.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Una nini shingoni?"

"Mjomba, mwaka jana mfereji wako ulipobomoka juu ya bustani, maji yakaingia kwenye kabichi."

"Ndiyo."

"Ulikwenda kulainisha udongo wa kabichi?"

Mjomba akanikazia macho. "Udongo ulikuwa umeshagandamana kwa maji, utaulainishaje maji yakiwa bado yanaingia? Nilikwenda juu nikaziba tundu."

"Ulingoja baada ya mavuno?"

"Ningengoja ningevuna nini?"

Sikusema zaidi. Niliendelea kujikaba shingo, jasho linanitoka puani. Mjomba akageuka polepole kwa mama yake.

"Mama, mtoto huyu anabisha?"

Bibi alikuwa na nafasi ya kuokoa dawa yake, na heshima yake kijijini, na zile nyumba zote alizokwisha kupita. Akafunga daftari.

"Habishi," alisema. "Anauliza."

Baba alicheka kwanza, kwa mshangao, akaziba mdomo. Kisha Mjomba akaanza kutikisika mabega ndani ya koti, akacheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa macho yake yalikuwa na machozi ambayo si ya kicheko. Aliichukua barua akampa Mama mkononi. Akasema tusichelewe treni halafu tuje tumlaumu yeye.

Siku zilizobaki nilikula mlenda maradufu, kufidia.

Tulipanda treni mjini Morogoro asubuhi, Mama na mimi, daraja la tatu, na chungu cha mlenda kimefungwa kwa kanga. Treni ilikuwa haijashika mwendo vizuri ikasimama Kingolwira. Akaingia askari magereza aliyevaa sare iliyopigwa pasi hadi kwenye kola, amembeba binti yake mikononi kama abebavyo mtu kitu kilichojaa hadi pomoni. Wakakaa mbele yetu. Binti alikuwa na miaka kumi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya mtu aliyekula zambarau, na kucha zake pia, ncha za vidole zimevimba mviringo.

"Umekula zambarau?" nikamwuliza.

"Hapana," akasema. "Ni damu tu."

Baba yake na Mama walisalimiana, wakiitana dada na kaka, na kabla hatujafika mbali wakagundua kwamba wana barua za aina moja zinazokwenda kwa daktari mmoja. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa sijawahi kukutana na mtoto mwingine anayechoka. Tulilinganisha: yeye hupumzika mara ngapi, mimi mara ngapi. Nilimsikilizisha mvumo wangu bila kudai muwa. Nilitega sikio kwake, nikakuta hakuvumi sana, nikamwambia kwa majivuno kwamba mimi nimemshinda.

"Eeh," akasema.

Alikuwa mtoto mpole kuliko wote niliowaona. Nilimwambia kabichi za kwetu ni kubwa kuliko kichwa cha treni. Akasema eeh. Nilimwambia saba mara nane ni hamsini na nne, nimwone. Akafikiri, akasema, "Labda kwenu." Hakuwa na ubishi hata wa dawa. Baba yake alisema tangu kuzaliwa hajawahi kumjibu mtu vibaya.

Basi nikampa siri zote. Nilimweleza mlenda, nikamweleza nyonyo, nikamweleza dole gumba la Bibi na jinsi mishipa yangu ilivyolainika. Nilieleza kama mtaalamu. Aliniuliza maswali machache, kwa adabu, na nilimjibu yote. Baba yake alikuwa anatazama dirishani, nikadhani hasikilizi.

Hospitalini tulilazwa vitanda jirani. Daktari bingwa alikuwa mzee mwenye vidole baridi, asiyejua Kiswahili, na muuguzi mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya alimtafsiria. Tulipigwa picha za kifua. Tulifungwa nyaya mikononi na miguuni, umeme wa moyo ukajichora kwenye karatasi ndefu. Alitusikiliza mimi na yule binti kwa siku tatu, kila siku akirudi mahali palepale kifuani kama mtu anayegonga mlango na kungoja aitikiwe. Siku ya nne walikuja kwangu kwanza. Mzee akasema maneno machache. Muuguzi akamgeukia Mama.

"Anasema bado laini. Watamfunga huo mshipa keshokutwa."

Mama alimwomba arudie. Akarudia. Mama akamwomba tena, kisha akaketi sakafuni na miguu mbele kama mwali, akasema, "Bado laini, bado laini," mpaka nikaona haya mbele ya watu.

Kitanda cha pili walikaa muda mrefu zaidi, na pazia likavutwa. Pazia halizuii sauti ya kwaya, hata ikishushwa. Yeye alikuwa na tundu kubwa katikati ya moyo, tangu kuzaliwa. Kwa miaka mingi damu ilipiga mishipa ya mapafu, ikawa migumu, na sasa damu imegeuza njia, inapita tunduni bila kufika mapafuni. Ndiyo sababu ya ile rangi. Tundu lile sasa ndilo linalomweka hai. Likizibwa atakufa mezani. Arudi nyumbani, asipande milima, asibebe vitu.

Asubuhi yake askari alikuwa ameshavaa sare. Alikuja kwa Mama, amevua kofia, ana daftari dogo la kazini na penseli.

"Dada," alisema, "ule mlenda mnaupika vipi?"

Niliona Mama amekauka uso. Mama hakuwahi kuamini mlenda ule. Aliupika kwa sababu ya Bibi. Akaanza kumweleza: majani gani, magadi kiasi gani, mara ngapi kwa siku. Askari akaandika. Mafuta ya nyonyo, yapakwe wapi? Akaandika. Aliandika kwa herufi safi, za mtu aliyezoea kuandika majina.

Binti yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, tayari. Aliniinamia.

"Na mimi sibishi kabisa," aliniambia. "Kwa hiyo kwangu itakuwa upesi."

Nilijua. Sijui nilijuaje, lakini wakati ule nilijua kwamba mlenda haukuwa umefanya kitu, wala nyonyo, wala kunyamaza kwangu kote. Kama kubisha kungekuwa na madhara, ningerudishwa mimi. Nilikuwa na jibu, lilikuwa la kweli, na hakuna tena kilichonikataza kubisha.

"Eeh," nikasema.

Walinipasua, wakaufunga ule mshipa. Nilipoamka niliweka kiganja kifuani nikakuta kimya, nikalia nikidhani nimekufa, na yule muuguzi akanicheka mpaka wodi nzima ikaamka. Kovu ninalo, linapita chini ya kwapa. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa nakimbia kwenye korido, nabishana na wafagiaji.

Tulirudi kwa treni ya mchana. Mama alinikalisha dirishani ili nione nchi, na nikaona kila kitu na kukisema kwa sauti, kwa kuwa sasa pumzi zilinitosha. Kisha treni ikapunguza mwendo, nikasoma kibao cha Kingolwira. Watu walikuwa wamesimama kituoni, na miongoni mwao kulikuwa na sare mbili tatu za magereza.

Niliona aibu. Ilikuwa aibu ya kupona, na sikuwa na jina lake wakati huo. Niliteremka kwenye kiti, nikajikunja sakafuni katikati ya mizigo, mgongo kwenye ubao wa treni. Mama alinitazama. Hakuniuliza nina nini wala hakuniambia nikae vizuri. Alikunjua kanga akanifunika nayo, na tukakaa hivyo mpaka treni ilipoondoka.